Nakala Moja Tu

Kipande ni kidogo kuliko kucha ya mtoto.
Nimekigandisha kwenye nta, nikakikata, nikakilaza kiooni,
nikakitia rangi, nikangoja
huku mvua ya Aprili ikipiga mabati ya maabara
na Barabara ya Ngong ikilia honi.

Kisha nikainamia hadubini.
Kahawia.
Si yale madoadoa ya hapa na pale:
kahawia tele, ukingo hadi ukingo,
kama majani ya chai yaliyosahauliwa jikoni.

Mutwiri, ulikuwa nje kwenye benchi.
Miaka thelathini umetoa nakala Mtaa wa Luthuli:
vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi,
vitambulisho pande zote mbili, shilingi tano.
Basi nikakueleza kwa lugha ya mashine yako.

Ndani ya kila seli mna kabati la maandishi.
Kila jeni ni ukurasa, na una zamu yake:
husomwa, hunakiliwa mara mbili tatu,
kazi ikaisha, kabati likafungwa.
Kwenye umio wako ukurasa mmoja umenaswa.
Kitufe kimezama, hakirudi juu.
Na ukurasa wenyewe, kwa bahati mbaya,
ni kibali cha ujenzi.

Nakala mia. Nakala elfu.
Kila seli imeshika kibali, kila seli inajenga,
ghorofa juu ya ghorofa, bila mhandisi, usiku kucha,
mpaka njia ya chakula ikabaki kichochoro.
Kwanza githeri ilikwama. Ukasema ni haraka.
Kisha chapati. Ukasema ni meno.
Sasa hata uji hubisha hodi mara tatu.

Laiti ingekuwa kujenga tu.
Kibali kile kile kinaruhusu kubomoa:
kuta zinatobolewa,
seli zinaachana na jirani zilizoshikana nazo tangu zamani,
zinaondoka moja moja, nakala mkononi,
zikifuata mifereji ya limfu hadi tezi za shingoni,
na huko nako mchanga, kokoto,
ghorofa ya kwanza.

Nilijiandaa uniulize ni nani aliyebonyeza.
Chai uliyoimimina kooni ikitokota?
Moshi wa jiko la mama yako kule Tigania?
Ningejibu sijui. Sijui, Mutwiri.
Hukuuliza.

Daktari Nafula alikueleza mengine, dawa na miale,
mpira wa kupanua njia. Ukaitikia yote.
Kisha ukaja dirishani kwangu, kofia mkononi,
ukaomba ripoti umpelekee binti yako.
Ngapi? nikauliza.
Ukaitazama mashine yetu kuukuu pale pembeni,
ukaisikiliza inavyokwaruza,
ukanyoosha mkono ukainyosha trei ya karatasi,
ukasema, ukimeza mate kati ya maneno:
"Moja tu.
Halafu angalia kama kitufe kimerudi."