Sinia la Meza ya Saba

Hapa palikuwa karakana ya baiskeli. Kulabu za magurudumu
bado zinaning'inia darini, siku hizi zimebeba taa.
Mimi hubeba sahani. Mwezi wa tatu huu,
na kila jioni nasema niliyofundishwa kusema:
karibuni, sahani zetu ni ndogo, ni za kushirikiana,
agizeni tatu au nne kila mtu, zitakuja zikiiva.

Meza ya saba alikuja Bwana Zwettler na bintiye Gerlinde.
Koti la sufu la kijivu, vifungo vya pembe ya kulungu;
alikikagua kiti kama anayenunua ng'ombe.
"Zikiiva," akarudia.
"Na njaa yangu, itaketi wapi kuzisubiri?"

Nikaleta bitiruti, na juu yake mzizi mkali uliokunwa,
ule unaopanda puani kabla hujameza.
Samaki wa ziwani, kipande cha kidole gumba, juu ya mtindi.
Donge la unga na jibini, moja,
katika kidimbwi cha siagi ya kahawia.
Akalihesabu. Donge moja, na bado alilihesabu mara mbili.
"Gerlinde, hapa watu wanakula au wanaonja?"

Binti akacheka kicheko cha mtu atakayelipa.
Amekaa Hamburg miaka kumi na minne,
Jumanne amerudi, Jumapili anaondoka.
Alitaka kumwonyesha babaye kitu kizuri,
na kizuri cha siku hizi hakijazi sahani.

Kisha divai. Chupa yenye mchoro wa konokono.
Haikuchujwa, nikasema, haikutiwa kitu,
imeachiwa nafsi yake.
Ikamiminika na ukungu wake,
rangi ya chai ya limau iliyolala.
Akanusa. Akanitazama.
Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Korbinian jikoni.
"Imeharibika," akasema. Akanywa tena.
"Imeharibika kama ya baba."

Baba yake, alisema, na hakuwa akisema nami bali na glasi,
alikuwa na mistari kumi na mmoja ya mizabibu
juu ya Leutschach, kwenye mteremko
ambao hata kuku hutembea ameegemea.
Iliyong'aa iliuzwa.
Iliyobaki chini ya pipa, yenye ukungu,
yenye harufu ya ganda la tufaha na banda la farasi,
hiyo ndiyo ilikuwa ya nyumbani,
katika jagi lililomeguka mdomo,
na mgeni akibisha ilifichwa nyuma ya kuni.
"Aibu yetu hii," akauliza, "mnaiuza kiasi gani?"

Nikamwambia. Euro kumi na moja, glasi.
Gerlinde akafumba macho.
Bwana Zwettler akacheka mpaka meza ya tano ikageuka.

Ndipo akaomba sahani kubwa.
Hatuna. Jikoni kote
hakuna sahani inayozidi kiganja changu.
Korbinian akatoka, mikono yake imechanjwa samaki wa wino.
Nilidhani atachukia, maana kila jani hulipanga
kwa kibano, kama daktari wa meno.
Akaweka mezani sinia la bati,
lile tunalokusanyia glasi chafu,
limeoshwa, limejaa michubuko.

Vyote vikamwagwa humo. Bitiruti ikatia damu mtindi,
donge likaviringika hadi ukingoni,
mafuta ya mbegu za maboga, kijani kama usiku wa msituni,
yakajitafutia njia.
Akaumega mkate. Akalisogeza sinia katikati,
ukingo mmoja wake, ukingo mmoja wa binti.

Sikuona yaliyofuata, meza ya pili walitaka hesabu.
Niliporudi, uma mbili zilikuwa zinagombana juu ya donge:
nusu ilikuwa imebaki,
na kila mmoja akiisukuma upande wa mwenzake.

"Bado sahani mbili," nikasema, "zinakuja..."

"Najua," akasema, hakuinua kichwa.
"Zikiiva."