Trei za Mayai

Studio yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya posta,
ukutani trei za mayai, mia mbili na ushei,
tulizookota kwa mama ntilie wa stesheni, moja moja,
zimeze mwangwi.
Humo nimesema miaka thelathini na moja,
kila Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu,
jogoo wa Isevya hawajamaliza zamu:
"Habari za matuta, wana Tabora?"

Nami sikuwa na tuta.
Nilipanga Cheyo, chumba na nusu, uani saruji tupu.
Maji mliyoyasikia yakinyunyizia mchicha
yalitoka kwenye birika;
Sizya, fundi mitambo, aliyamimina karaini,
akiinua mkono, akiushusha, hadi yadanganye vizuri.
Mtoto mmoja wa Urambo akaandika kwa penseli:
*Mimi ni Nshoma, darasa la tatu. Naomba nije nione
bustani iliyo ndani ya redio.*
Nilicheka. Sikumjibu.

Barua zilikuja na udongo. Kweli, udongo ndani ya bahasha:
*onja, mtangazaji, utuambie unadai nini.*
Na treni ya Kigoma, ikichelewa,
ilipiga honi katikati ya somo la samadi,
na mama wa Nzega akaandika: nimeisikia,
mwanangu alikuwamo.

Mwaka ule wa mvua moja ya Oktoba nilisema, pandeni.
Nilisema kwa furaha. Nilisema mara mbili.
Mvua ikatupa mgongo wiki tano.
Ndipo Bi Kalunde wa Ipuli akampita mlinzi,
akaweka mezani, mbele ya maikrofoni,
konzi ya miche iliyokauka kama tumbaku.
Hakutamka neno. Taa nyekundu inawaka.
Mji mzima ulisikia kimya kile,
kimya cha uzito wa debe.
Tangu hapo sikusema tena "pandeni".
Nilisema: zamisha kidole hadi pingili ya pili,
ukikuta unyevu, amua mwenyewe.

Kisha akaja yule mdudu wa nyanya
anayechora njia nyeupe ndani ya jani
kama mlevi anayetafuta kwake,
wakulima wakambatiza Kantangaze:
nenda, kanitangaze.
Nikamtangaza. Wiki kumi na moja sikutangaza kingine,
hadi mke wangu akauliza kama mdudu ananilipa.
Lakini mdudu angalau aliomba.
Yule mjane wa Ng'ambo, aliyekuza figili
kwa maji ya kuoshea mchele, hakuomba.
Wala Mzee Lusalaga, aliyepiga simu kila juma kuulizia bamia
ilhali bamia zake zilishinda za wote;
alitaka tu jina lake lipite hewani.
Nililipitisha. "Mzee Lusalaga, bamia hazijambo?"
Juma ambalo hakupiga, nilijua.

Juni wamebomoa ule ukuta.
Studio mpya ina sifongo la kijivu
na kijana mwenye sauti ya asali. Anasema "pandeni".
Nazima redio.

Trei niliziomba; zilikuwa kwenye lundo la kuchomwa.
Nimezipanga uani, juu ya saruji,
kila shimo mchanga kidogo, samadi kidogo,
mbegu mbili mbili za nyanya chungu.
Karatasi iliyokunywa sauti yangu miaka yote
sasa inakunywa maji,
na birika ni lile lile.

Leo alfajiri, safu ya pili, shimo la nne,
kuna kitu kimejikunja, kijani, kama mkia wa herufi.
Nikakohoa, kama nilivyokohoa kabla ya taa nyekundu,
nikakosa la kusema.

Nshoma, huenda sasa una mwanao wa darasa la tatu.
Kama bado uko Urambo, na kama bado unataka,
njoo.
Ni ndogo. Itabidi uiname.