Jozi Sita za Gambuti

Safari yetu inaanzia nyuma ya bili ya umeme,
maana karatasi nyingine zote nyumbani
Nzanzu amezimaliza kwa kuchora vinyonga.
Nimeandika juu: MILIMANI, DESEMBA, SIKU TATU.
Nikapiga mstari kwa rula,
kama mtu anayejua anachofanya.

Hapa Kasese joto limekaa juu ya mabati
kama mgeni asiyejua kuaga.
Dirishani milima ipo na haipo:
alfajiri uliihesabu, saa nne
wingu limeikunja na kuirudisha kabatini.
"Huko ndiko tunakokwenda," namwonyesha Biira.
"Wapi?" anauliza. "Sioni kitu."

Kila mtu ana lake.
Nzanzu anataka kinyonga mwenye pembe tatu,
awe hai, na asikimbie.
Muhindo anataka kulala kwenye hema
ila si peke yake, ila si na Nzanzu.
Biira anataka theluji kwenye chupa.
Nimemweleza: sisi tutaishia msituni, kwenye mianzi;
theluji ni ya watu wenye kamba na ndevu.
Mbambu, mke wangu, haombi makubwa:
choo chenye mlango,
na mlango wenyewe uwe na komeo.

Kiingilio, watu wazima wawili, watoto watatu.
Mwongozaji. Mpagazi mmoja (nitabeba mwenyewe? Hapana. Mmoja.)
Tochi. Dawa ya mbu.
Makoti ya mvua, mawili ya kwetu, matatu ya kuazima kwa mwalimu.
Gambuti za kukodi, jozi tano.
Najumlisha. Nafuta. Najumlisha tena,
na jibu linazidi kunitazama usoni.

Mama yupo mlangoni anachambua maharage.
Sauti ya punje kwenye bakuli,
ta, ta, kisha kimya.
"Mtalipa pesa ili mpande?"
"Ndiyo, mama."
Ta. Ta.
"Sisi tulishuka bure."

Nilikuwa na miaka minne usiku ule.
Ninachokumbuka ni blanketi lililonuka moshi,
na kiganja chake juu ya mdomo wangu,
na chini yetu mto ukipiga kelele
kana kwamba wenyewe hauogopi kusikika.
Bunduki sizikumbuki. Nimesimuliwa tu,
na si na yeye.

"Andika chumvi," anasema.
"Chumvi ipo hata hoteli, mama."
"Mimi nilibeba sufuria, nikakubeba wewe,
chumvi nikaisahau juu ya chanja.
Miezi miwili kambini tulikula majani matupu.
Andika."
Naandika chumvi,
kati ya tochi na dawa ya mbu.

Nzanzu amefungua ramani kwenye simu.
"Baba, inasema saa tatu kwa miguu."
Mama haangalii.
"Inategemea," anasema, "umebeba nini."

Basi namuuliza, kalamu ikiwa hewani,
swali ambalo nilipaswa kuanza nalo
kabla ya rula, kabla ya makoti.
Hajibu upesi. Anatupa jiwe moja uani,
anapuliza makapi.
"Kuna shina la kiazi kikuu kule, nyuma ya jiko.
Lilikuwa halijakomaa, nikaliacha.
Kama nguruwe hawajalifukua,
sasa litakuwa kubwa kuliko wewe."

"Bibi anakuja kuchimba!" Biira anapiga makofi.
"Nimesema kiazi," anasema mama. "Sijasema nakuja."
Lakini tayari amevua ndala.

Hajui namba ya kiatu chake,
maisha yake yote amevaa kilichomtosha.
Nachukua uzi wa gunia, napiga magoti kwenye maganda,
fundo moja kisiginoni,
fundo jingine penye kidole gumba.
Unyayo ni mpana, umepasuka pembeni,
na unasisimka nikiugusa.
"Usibane," anasema. "Kule kunashikika matope."

Nafuta tano.
Mbambu anachungulia karatasi, anachungulia jumla,
anakwenda kutafuta soksi.