Mizani ya Falkirk

Jumapili, nimetoka zamu ya usiku
kufua mashuka ya hospitali huko Larbert,
vidole vimekunjamana, vinanuka klorini,
nikampeleka Mwajabu kulitazama gurudumu
linalopandisha maboti mlimani.

Maji hayapandi mlima.
Hilo sikufundishwa, nilizaliwa nalo.
Lakini hapa yanapanda, yamekaa ndani ya beseni la chuma,
yametulia kama bibi harusi katika gari la kukodi.

Mabeseni ni mawili, moja juu, jingine chini.
La chini likapokea boti refu jekundu
lenye jiko, kitanda, gunia la makaa,
bwana mmoja mnene na mbwa wake.
La juu: maji matupu.

Nikamwambia mtoto, Tazama, hili halitapanda.
Injini itakoroma, itaomba msamaha.
Nalijua jambo hili. Baba yangu alikuwa na duka Mikindani
na aliuza sukari pamoja na kidole gumba.
Kabla ya alifu na be nilisoma mizani:
kinachoongezwa kinashusha. Basi.

"Ni sawasawa, mama," akasema Mwajabu,
miaka tisa, r zake zikibiringika Kiskoti
ndani ya Kiswahili changu.
Sawa vipi, na boti lile ni tani kumi na tano?
"Boti likiingia, maji yanatoka.
Yanatoka yenye uzito wa boti. Halafu mlango unafungwa."
Nani anayapima?
"Hakuna. Yanajipima."

Na gurudumu likazunguka. Polepole, bila kishindo,
kwa umeme wa kuchemsha birika nane,
na yule bwana akapita hewani juu ya vichwa vyetu
akimenya chungwa.

Macho yaliona. Mabega yalikataa.
Mabega yangu yana shule yao:
shuka lililolowa, juu yake shuka lililolowa,
miaka kumi na mbili, wala hakuna hata moja
lililowahi kuingia mikononi mwangu
na kitu kingine kikatoka kulipisha.

Usiku sikulala. Nikaiweka mizani ya bafuni
sakafuni jikoni, juu yake beseni la kufulia,
nikajaza maji hadi ukingoni, hadi yakatuna.
Mshale ukasema kumi na nane.
Nikaishusha sufuria ya wali kwa mikono miwili,
taratibu, kama ninayelaza mtoto.
Maji yakafurika, yakanilowesha soksi.
Sufuria ikaelea.
Mshale: kumi na nane.
Nikatia mwiko ndani ya sufuria. Kumi na nane.
Nikatia kitunguu.

Nilipoondoka Mikindani nilidhani nyumba italala upande.
Siku mbili tu, kaka akaniambia kwa simu
kwamba Somoe amehamia chumbani kwangu,
na mifuko ya saruji imepangwa pale lilipokuwa kabati.
Nyuma ya sauti yake watu walikuwa wanacheka,
kicheko kilekile, kiasi kilekile.
Miaka yote nimeuita usahaulifu.
Sasa sijui niuite nini.
Na huku? Mlango uliponifungukia mimi,
nini kilitoka kimyakimya, chenye kilo zangu hamsini na tisa?
Sikukiona. Nilikuwa nashika mabegi.

Saa nane za usiku, nimepiga magoti,
nayakusanya maji kwa kitambaa, nayakamua ndooni,
kitambaa baada ya kitambaa, hadi sakafu ikakauka.
Nikaiinua ndoo.
Maji yalikuwa mazito. Uzito wa sufuria ya wali,
na mwiko, na kitunguu,
sufuria ambayo pale beseni lilipo
naisukuma kwa kidole kimoja,
kidole gumba,
na inakwenda.