Kizingiti cha Kushoto

Pijo nyeupe ya mwaka sitini na nane
ililetwa Kariobangi ikivutwa kwa kamba,
Mwalimu Nanjala kwenye usukani, dirisha wazi,
akimpigia honi kila bata wa mtaroni.
Ilikuwa ya babake, karani wa reli.
"Rangi tu," alisema. "Na hapo chini pamevimba kidogo."

Pamevimba. Kutu haianzi kwa kelele.
Huvimba kama uso wa mtu aliyelia usiku
na asubuhi akasema ni mafua.

Nikachukua nyundo ndogo, ile ya kubishia hodi.
Bati zima hujibu ti.
Bati lililooza husema pu, kama boga.
Kulia: ti, ti, pu.
Kushoto: pu, pu, pu, kisha nyundo ikazama
na haikurudi peke yake.

Nikamwambia: Mwalimu, magari mengine yana fremu,
bodi huvikwa juu kama koti.
Hili, koti ndilo mifupa.
Kizingiti kikioza, sakafu huidai nguzo,
nguzo hulidai paa, na siku utakayoruka tuta la Outer Ring
milango itafunguka yenyewe kukuaga.
Hakucheka. Akauliza siku ngapi.
Nikasema wiki tatu, nikijua ni tano.

Kwanza hukati. Kwanza unategemeza.
Nilichomelea mabomba mlangoni, yakapishana,
nikaweka magogo chini ya tumbo,
nikapima kwa uzi kona hadi kona,
maana ukikata mgongo wa kitu kilichochoka
kabla hujakishika
kinajikunja, na hakuna jeki itakayokikumbusha
kilivyokuwa kimesimama.

Ndipo grainda. Otuoma alishika taa.
Nyeupe ikatoka, chini yake kijani.
Filla ikabanduka vipande vinene kama sahani,
chini ya filla wavu wa kuku,
chini ya wavu gazeti lililoloa oili likakauka,
bado linasomeka: nafasi za kazi.
Mlinzi wa usiku, awe na barua ya chifu.
Na kulizunguka tangazo, duara la kalamu nyekundu,
duara lisilofunga, lenye mkia.

Nayajua maduara yangu.

Grogan, mwaka ule wa kodi ya miezi mitatu.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na miwani ya kuazima.
Mtu mmoja wa koti la kijivu, gari lake kijani,
alinihesabia noti moja moja,
akauliza, "Imeshika?"
Nikaipiga teke. Nikasema, "Imeshika, baba."

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ufa niliuziba.
Ndiyo maana leo najenga ukuta.

Nilikata hadi chuma king'aacho,
hata pale mkono uliposema yatosha.
Bati jipya, geji kumi na nane, nililikunjia ubaoni,
nikalitoboa, nikajaza matundu kwa moto kidogo kidogo,
hapa, kisha kule mbali, lisipinde kwa joto.
Stima ilipotea mara mbili; tukanywa uji, tukangoja.
Chini nikaacha mianya minne, upana wa penseli.
Otuoma akauliza mbona natoboa nilichokwisha kuziba.
Nikamwambia gari haliozi kwa maji yanayoingia.
Huoza kwa yasiyopata pa kutokea.
Nikamimina nta ndani mpaka ikachuruzika.

Mwalimu alikuja Jumamosi na miwani ya kusomea.
Akasoma hesabu ya kulia: bati, gesi, siku za kazi.
Akasoma ya kushoto. Palikuwa patupu.
"Umesahau huku."
Nikasema, "Upande huo nilishalipwa."

Alinitazama kwa muda ambao chai hupoa.
Kisha akainama, akavua pete,
akagonga kizingiti cha kushoto mara tatu,
sikio karibu na bati,
na hakuniambia kilimjibu nini.