Fungu la Injini

Mimi ni karani wa mwalo, Kayenze.
Kalamu yangu nimeifunga shingoni kwa uzi wa wavu
isije ikaniponyoka majini.
Kila mbalamwezi, dagaa wanapoipuuza taa
na mitumbwi ikalala kifudifudi mchangani,
nafungua daftari, nasoma mgawo kwa sauti:

Mafuta, yatoke kwanza.
Injini, mafungu mawili.
Wavu, fungu. Taa, fungu.
Mtumbwi wenyewe, fungu.
Mwenye mtumbwi, ambaye hajawahi kulowa, mawili.
Kinachobaki, wavuvi wagawane.

Miaka tisa niliusoma hivyo
kama mtu asomaye dua aliyoikariri.
Mpaka Lushinge, akichokonoa mwiba kidoleni, akauliza:
"Karani, injini ina watoto wangapi?"

Watu wakacheka.
Mimi kicheko kilinikwama.

Tulikuwa na kitabu kimoja, hakina jalada.
Bugumba alitoka nacho kiwandani, Nyakato,
siku walipozima mashine za kufuma,
badala ya kiinua mgongo.
Maneno yake magumu kama kichwa cha sangara:
thamani ya ziada, njia kuu za uchumi, tabaka.
Tuliyatafuna usiku wa mwezi, tukitema miiba.
Kabula, anayeanika dagaa juu ya mawe,
ndiye aliyekuwa wa kwanza kumeza:
"Kumbe injini ni jasho la watu
lililoganda, likapakwa rangi.
Lenyewe halili.
Anakula aliyelifungia stoo."

Magiza kumi na manne tulichanga.
Tukanunua injini kuukuu;
ikakohoa, ikapiga chafya, ikakubali.
Nikakata mstari juu ya Mwenye mtumbwi,
nikaandika: Sisi.
Neno fupi. Lilijaza ukurasa.

Tuliyaita mapinduzi.
Raha yake ilidumu wiki tatu.

Kisha Masalu akavunjika mkono.
Mgawo ukafika kwenye jina lake, nikanyamaza.
Kitabu kinasema: kwanza,
kila mtu apate kadiri ya kazi yake.
Kinasema pia, mbele kidogo,
itakuja siku kila mtu apate kadiri ya haja yake.
Siku gani?
Hapo panya wamekula.

Lushinge, yule yule wa injini na watoto, akasema:
"Hakuvuta. Kanuni ni kazi.
Tukianza kugawa kwa huruma
tutarudi kwa mwenye mtumbwi kuomba mafuta."
Bugumba akasema jamii mpya haishuki na malaika,
inazaliwa na makovu ya mama yake;
tuzalishe kwanza, wingi utatufungua mikono.
"Lini?" akauliza Kabula.
"Watoto wa Masalu hawajui hatua ya kwanza wala ya pili.
Wanajua jioni."

Tulibishana hadi mwezi ukatua.
Kura zikawa tano kwa tano.
Wote wakanigeukia mimi,
ambaye kazi yangu ilikuwa kuandika tu
walichokwisha kuamua wengine.

Nikachora safu mpya pembeni mwa daftari.
Juu ya safu huwekwa jina; sikuwa nalo.
Si ujira. Si sadaka. Mkopo sio,
kwa kuwa hakuna aliyesema utalipwa.
Nikaandika: madebe mawili.

Lushinge hasemi nami tangu siku ile.
Hesabu zake, naapa, zilikuwa sahihi.
Injini imegoma mara mbili, na deni la plagi bado.
Huko juu barabarani malori ya minofu yanapita
kwenda uwanja wa ndege, na barafu yake ikidondoka;
huku kwetu yanabaki mapanki,
na dola, ambayo kitabu kinasema itanyauka yenyewe,
jana ilikuja kudai ushuru, imenawiri.

Lakini kila mbalamwezi nikifungua daftari
naikuta safu ile, kichwa wazi,
na mkono wangu, kabla sijaufikiria,
umeshaanza kuijaza.