Majina Matano

Kwetu mlimani jina ni hesabu:
binti wa kwanza Masika, wa pili Biira,
kisha Kabugho, Mbambu, Ithungu.
Humuulizi mama ana watoto wangapi.
Msikilize magharibi anavyowaita waje kula.

Yeye mwenyewe ni Kyakimwa, wa sita.
Mama yake alikufa akimtafuta wa saba,
juu ya machela ya mianzi, hatua chache kabla ya daraja,
wabebaji wakibishana ni zamu ya bega la nani.

Ameshuka Jumatano, siku ya gulio,
debe la maharage kichwani,
maana maharage hayaulizwi yanakwenda wapi.
Mara mbili alishafika, mara mbili nikamwandikia
kwa kalamu nyekundu neno lile lile: hakuna.
Gari la dawa halikupanda. Tope. Mafuta. Saini ya mtu fulani Kasese.
Kati ya "hakuna" ya kwanza na ya pili
akazaliwa Ithungu.

Leo zipo. Sita tu, ndani ya boksi la viatu.
"Nne chukua wewe. Nne ni mwaka mzima.
Utajidunga mwenyewe, nyumbani."
Akacheka mpaka akakaa chini.
Mimi? Mimi ninayemkimbia kuku mwenye vifaranga?

Nikajaza chumvi kwenye kondomu, nikapiga fundo:
ndiyo nyama yetu ya kujifunzia.
Choma. Kamua polepole. Hesabu hadi saba.
Mara ya kwanza chumvi ikamwagika sakafuni.
Mara ya pili mkono ukatulia
kama wa mtu anayetunga shanga.

"Baba Masika anamngoja Mumbere," akasema,
macho yake kwenye chumvi.
"Si mtu mbaya. Anangoja tu.
Ila anayengoja haumwi mgongo."

Nilitaka kumwambia: kaeni, mzungumze.
Ndivyo linavyosema bango la ukutani,
lenye mume na mke waliovaa viatu vipya.
Nikanyamaza.
Nikazifunga zile nne kwa gazeti la mwaka jana,
akazizamisha kwenye maharage hadi kiwiko,
akajitwika, akaanza kupanda.
Bei ya leo mbaya, atasema. Nimerudi nayo.

Nikafungua daftari.
Zimebaki mbili.
Nje, kwenye benchi, wanawake tisa,
na maharage tele.